Kucheza na Ukuta

Kisenge, 4 Februari 1982

Shemeki Ngoy,

Yambo sana. Afya iko je kule Kolwezi, mu Manika? Ule mugongo unakuachia usingizi? Huku tuko, na vumbi ya manganezi ya mugodi nayo iko.

Siku ile ya kutoa matanga tulipakia pale kwako bintu bya dada yangu Agnès: cherehani, masahani, na ule muchezo wa televisheni alionunua kwa bazungu. Leo nimefungua karton. Kumbe manette ya kushika mukononi iko moja tu! Sasa naweza kucheza tu ule muchezo wa mutu moja: unapiga mupira, unagonga ukuta, unarudi. Ukuta haukosei, shemeki. Hata kucheka haucheki. Tafuta ile ingine chini ya kitanda, uipe mutu wa treni aniletee.

Shemeki yako,
Banza

Kolwezi, 1 Machi 1982

Shemeki Banza,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, nimesoma barua mara tatu. Mugongo ni ule ule. Mama mukwe anaendeleaje?

Manette sijaiona, nitatafuta. Si weye ulikuwa unasema mi nacheza vibaya? Na Agnès alikuwa anatushinda sisi wote wawili huku samaki iko ku moto! Cheza na ukuta kwanza, ujifunze. Uniandikie mipira ngapi unapiga bila kukosa.

Hapa nyumbani radio ndiyo inasema. Mi nasikiliza.

Shemeki yako,
Ngoy

Kisenge, 11 Aprili 1982

Shemeki,

Yambo. Mama ni muzima, anakusalimu.

Mipira arobaini na mbili. Nilipomaliza, sikuwa na mutu wa kumuambia. Jirani yangu Amadi, shofere, anakuja kila siku ya posho, anakaa, ananitazama, anapiga miayo. Ah, nimechoka! Manette iko wapi?

Banza, shemeki yako

Kolwezi, 9 Mei 1982

Banza,

Salamu kwa mama. Mi niko, nashukuru Mungu.

Manette haikupotea. Niliificha mu gunia ya unga, mulipokuwa mukipakia. Bazee benu balisema mbele ya batu wote: Agnès amekufa, ushemeki umekwisha. Nikaogopa. Nikawaza, Banza akikosa manette, ataniandikia. Na kweli umeniandikia mara mbili. Ni wizi, unisamehe.

Tata Mukalay wa treni anakuletea. Cheza na Amadi. Usijisumbue kujibu.

Aliyekuwa shemeki yako,
Ngoy

Kisenge, 22 Agosti 1982

Shemeki Ngoy,

Yambo sana, sana. Mugongo? Unakula? Nani anakupikia? Mama anauliza kila siku, na mi natoka inje kwa haya.

Manette ilifika, imejaa unga. Nilicheza na Amadi. Ni mwizi wa mapointi yule, tulicheka mpaka majirani bakagonga mulango. Ndiyo nikaona kumbe miezi mitatu imepita, sijakuandikia hata neno moja. Ulinijua vizuri, na hilo limeniuma.

Basi Tata Mukalay anakurudishia manette. Irudishe mu gunia, pale pale. Mwisho wa mwezi nitakuomba, na weye utajibu haujaiona. Nitakuomba tena. Amadi amenuna, lakini atazoea kutazama.

Ya bazee ni ya bazee. Usiandike tena "aliyekuwa".

Mi niko hapa na ukuta.

Shemeki yako,
Banza