Asubuhi ya Mume Wangu, kwa Kireno

Kitaya, 9 Agosti 1998

Baba Zuhura,

Sisi wazima. Zuhura kang'oka jino la mbele, na mikorosho imetoa maua.

Nilitaka kukushtukiza. Najifunza Kireno, ili ukituita huko Palma uliko, ng'ambo ya mpaka, nisiwe bubu sokoni. Ananifundisha Anifa, mwanamke wa hukohuko, aliyekuja hapa kijijini kumuuguza shangazi yake. Saa zao zilinitoa jasho: saa yetu kumi na mbili asubuhi wao wanaiita seis horas, yaani sita!

Jana alinieleza asubuhi ya mumewe, nami nikawa narudia. Seis horas anaamka. Analikanda goti la kushoto, aliloumia alipodondoka kwenye mkorosho. Anainusa chai mara mbili, analalamika inanuka moshi.

Hapo nikaacha kurudia. Nikamuuliza mumewe anaitwa nani. Akataja jina lako na la baba yako, huku anacheka.

Nikalirudia kama somo, nikamuaga.

Kesho ni zamu yangu kumweleza asubuhi ya mume wangu. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshamaliza. Nitaanza na goti.

Mimi mkeo wa Kitaya,
Somoe