Filamu ya Mwisho ya Babu

Jumanne, baada ya isha

Imegeuka unga wa kahawia. Ndiyo filamu pekee iliyosalia ya kampuni ndogo ya babu, aliyetengeneza filamu zisizo na sauti hapa Kampala. Marehemu baba aliuziba mkebe wake kwa nta, akidhani anaitunza. Kumbe filamu za aina ile huhitaji hewa, zikifungiwa huoza.

Nilipoanza kumweleza hayo dada Mwanaidi, alinikatiza. "Mdogo wangu, darasa baadaye."

Akasimama kando ya ukuta mtupu, kama babu alivyosimama kando ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu akiwasimulia watazamaji, akaiga sauti yake: "Huyu anayeshuka melini bandarini Port Bell ni bibi yenu. Msiucheke mwavuli wake!"

Nikamwona bibi kabisa.

Alipofika kwenye sehemu ya harusi, kumbukumbu zikamwishia. "Kisha ikawaje?" akaniuliza.

Sikujua. Na hakuna mwingine aliye hai wa kumuuliza.