Masanja, Nimekata Miguu ya Meza Yako

Masanja binamu yangu,

Sikuamkii. Ulinizidi miezi miwili tu, na sasa wewe huzeeki tena, mimi naendelea. Nikikukuta huko utaniamkia wewe.

Darasa la pili nililoachia njiani linanitosha kukuandikia jambo hili moja, ulijue kabla wambea hawajakuletea. Ile meza ndefu ya kupasulia mawe ya dhahabu, uliyoitengeneza mwenyewe hapa mgodini, nimeikata miguu. Kwa msumeno wako. Siku ya tatu ya matanga yako.

Wewe ulikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na kila ulichokiranda ulikipima kwenye kitovu chako. "Kitovu ndiyo rula niliyozaliwa nayo," ulikuwa unasema. Haya, sisi wengine tulizaliwa na rula fupi. Meza yako ilimfika Shija, mpasua mawe wetu, kifuani. Yule Mzinza alikuwa anainua nyundo juu ya bega tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni, kama mtu anayefukuza nyuki. Mwaka wa kwanza alilalamika bega. Mwaka wa pili akawa anavalishwa shati na mkewe. Juzi juzi kabla hujafa, mnyapara akamwambia, "Unagonga mawe kama unayabembeleza. Mwezi ukiisha urudi kwenu."

Mimi nililiona hilo mapema, na nilikuambia. Ila nilikuambiaje? "Wewe twiga, meza yako itatuulia watu wafupi!" Ukacheka mpaka ukaweka randa chini. "Mwambie arefuke," ukajibu. Nami nikacheka. Tumetaniana tangu tunachunga ng'ombe kule kijijini Samuye, hata neno la kweli likitoka kinywani mwangu ulilipokea kama mzaha. Ningekuita kando, tukakaa, nikasema taratibu... Sikusema. Hilo ni langu, si lako.

Basi siku ile nikaingia nyumbani kwako nikabeba msumeno. Wanawake wakapiga kelele, "Binamu ameanza! Mpeni kuku aurudishe!" maana mtani msibani ana ruhusa ya kupora. Mama Kulwa, mkeo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ufe. Kuku nikapokea, msumeno sikurudisha. Huyoo, mgodini.

Nikamsimamisha Shija kando ya meza, akakunja mkono. Nikashuka kiganja kimoja chini ya kiwiko chake, nikatia alama ya mkaa, na kilichozidi nikakikata kwenye miguu yote. Kwa warefu wenzako nimeweka gogo juu ya meza, wapasulie hapo, wasije wakavunjika viuno nikalaumiwa mimi.

Mnyapara akaja amevimba. "Nani kakata meza ya marehemu?"

"Mtani wake."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yake. Nenda kamuulize."

Akatazama rundo la mawe aliyopasua Shija siku ile. Akatazama na nyundo, inayoanguka sasa bila bega kupanda. Akaondoka zake, na wewe unamjua, kwake hiyo ni baraka.

Vile vipande vya miguu Mama Kulwa amevipikia maharage. Nimekula. Matamu.

Sitakudanganya, bega la Shija halijapona. Lakini mwezi umeisha na bado yupo kazini. Jana alivaa shati mwenyewe. Kifungo cha juu tu ndicho kilichomshinda, akaja nimfungie, nikamfungia.

Ahadi yangu ni hii: akija mtu mpya hapa, atakunja mkono nimpime kabla hajashikishwa nyundo. Na nikiona kazi inamuumiza mtu, nitasema nimenuna kama hakimu, ili nisikike. Mzaha nimekuachia wewe peke yako.

Lala, Masanja. Kwa ajili ya meza siombi msamaha. Kwa ule mwaka wa pili wa Shija, naomba.

Binamu yako,
Lutonja