Ukuta wa Kibla Alioujenga Babu

Sauti iliyonibakia kichwani wiki hii ni ya tepi ya kupimia. Niliiachia, ikajikunja kwa mlio mkali, na msikiti mtupu ukaurudisha mlio huo. Kisha kimya. Nilikuwa nimeshajua.

Leo ni Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, mlima bado umejifunika. Nami nina utulivu ambao sikuutarajia.

Msikiti wetu mkongwe, ule ulio karibu na ziwa, unakarabatiwa na kupanuliwa. Ijumaa watu wanasali hadi barabarani, kwenye vumbi jeusi. Komite imenipa kazi ya kupima na kuchora kwa kuwa nimesomea ujenzi, na pia, nadhani, kwa kuwa ukuta wa kibla ulijengwa na babu yangu. Alikuja kutoka Maniema, akachonga mawe ya lava kwa mikono yake. Alikufa kabla sijazaliwa. Ukuta huo ndio babu ninayemjua. Tangu utotoni nikipita naugusa.

Hauelekei Makka. Umekwenda upande.

Naelewa ilivyokuwa. Mawe yetu yana chuma, na ukiweka dira juu yake, sindano inapotea. Hata simu yangu ilinipa jibu jipya kila niliposogea, mpaka nikaiacha na kupima uani kwa kivuli cha jua. Babu aliiamini dira yake. Aliiweka juu ya msingi wake mwenyewe.

Imamu alinituliza: aliyejitahidi kuitafuta kibla, sala yake ni sahihi. Lakini imamu si mjane wa babu.

Nikinyamaza, upanuzi utafuata ukuta ule, na watoto wetu watasali upande kama sisi. Nikisema, utabomolewa, na Koko, mama yake baba, atasikia mbele za watu kwamba mume wake alikosea. Prezida wa komite alikuwa ameshachoka kunisubiri. "Mama injeniere, utuambie tu: tuuache ao tuubomoe?"

Nakiri hapa: nilirudia kupima nikiomba niwe nimekosea mimi.

Asubuhi nimekwenda kwa Koko, mtaani Katoyi. Nilikuwa nimepanga maneno laini njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache na mabaya. Akasema, akiwa bado anachambua maharage:

"Ule muzee alikuwa anapoteaka mu soko ya Birere, na iko hapa hapa. Wewe unashangaa namna gani Makka ilimupotea?"

Akacheka. Nami nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie.

Baadaye akaosha mikono, akatandika mkeka wake wa kusalia. Chumbani kwake mkeka umefuata mwelekeo wa ukuta wa msikiti tangu alipoolewa. Ubao wa sakafu umefifia mahali pa magoti. Akashika ncha ya mkeka, akauvuta.

"Huku?"

"Kidogo tena, Koko."

"Na huku?"

"Hapo."

Akausawazisha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Akasema, "Basi enda, mutoto yangu. Uwaambie vile iko."

Sikujua kwamba siku zote nilikuwa nasubiri ruhusa. Nilidhani nasubiri ujasiri.

Nimetoka hapo moja kwa moja hadi kwa prezida wa komite. Nimemwambia yote. Ukuta ubomolewe, nimesema, na mawe yake yaoshwe, yaingie katika ukuta mpya, yakiwa ya chini kabisa, yabebe mengine. Akauliza kama nyumbani wanajua. Wanajua, nikamjibu.

Kisha nimeingia msikitini na chaki, nikapiga magoti, nikachora mstari mpya sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta. Alasiri wanaume wamejipanga juu yake, nasi wanawake nyuma yao, sote tumegeuka kidogo, na mihrabu ya babu imebaki pembeni, kushoto kwetu.