Mpini wa Orval Unakwama Mfukoni

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada wako, na tafadhali usilitaje jina langu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, nafuga kuku na nyuki hapa milima ya Ozark, na mfukoni mwa aproni nabeba bastola ndogo ya risasi tano kwa ajili ya nyoka na vicheche wenye kichaa cha mbwa, na mume wangu Orval alikuwa seremala miaka arobaini mpaka kiharusi kilipompiga mwaka juzi kikamwacha na mkono wa kushoto mzito na maneno yanayotoka nusunusu, na tangu hapo mbele za watu hafungui mdomo, hata kanisani anaitikia kwa kichwa. Sasa baridi iliyopita aliingia karakana kwa mara ya kwanza, akachukua ubao wa mti wa mjozi alioutunza tangu tulipooana, akanichongea mpini mpya wa bastola yangu, miezi mitatu, Shangazi, na ulipokamilika nililia kwa uzuri wake, unajaza kiganja na vidole vyote vinapata pa kukaa, lakini kitako chake amekipanua kama kwato, na ukiutia mfukoni unaingia kwa taabu na kutoka hautoki.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilinunua mpini wa mpira mjini, na kila asubuhi yeye akinywa kahawa mimi nakwenda bandani na bisibisi, natoa wa mjozi naweka wa mpira, na jioni narudisha ule wa mjozi ili auone. Wiki tisa sasa. Na huo mpira nao umeniaibisha, maana mwezi uliopita kicheche anayepepesuka alinijia mchana kweupe, nikavuta bastola, kitambaa cha mfuko kikaung'ang'ania mpira, nikabaki na aproni yote kifuani na pipi za mnanaa zimemwagika chini, ikabidi nimpige na ndoo ya kulishia kuku nikakimbilia kwenye gari.

Sasa Orval ameniandikisha shindano la shabaha la zimamoto wetu wa kujitolea, upande wa kuchomoa bastola mfukoni na kupiga. Aliniandikia kwenye karatasi: “Mpini wangu. Mkono wako.” Nikitumia wake nitakwama mbele ya watu wote, na aibu itakuwa yake; nikitumia wa mpira atajua nimemdanganya, na naogopa hataingia karakana tena. Nifanye nini?

Mwenye Bisibisi

*

Mwenye Bisibisi,

Umeficha jina lako ukamtaja Orval, kwa hiyo siri hii ni yangu, yako na ya kila anayenunua gazeti hili. Kwa kuwa shindano haliwezi kungoja gazeti, jibu nakutumia kwanza kwa posta.

Pole kwa yaliyowapata. Sasa kaa nikugombeze. Huyo mtu bila shaka ametia milango ya nusu ya nyumba za bonde lenu. Unafikiri hakuna hata mmoja uliokwama? Mlango ukikwama, seremala anauliza unakwama wapi, anachukua randa, kazi inaendelea. Wewe umemnyima swali hilo wiki tisa. Yeye amesharudi kazini, wewe bado unamuuguza. Na kichwa cha skrubu kilichofunguliwa zaidi ya mara mia kinachubuka, mama. Ana macho.

Nimesimama miaka ishirini na sita kwenye duka la bunduki la marehemu mume wangu, na mpini wa bastola ya mfukoni ndio uliotuletea ugomvi mwingi kuliko kitu chochote. Mkono unataka mpini mkubwa, mfuko unataka mdogo. Mpira unapunguza teke la bastola lakini unashika kitambaa, umejionea. Kwa aproni unataka mbao, laini kabisa, isiyo na mistari ya kuchonga, fupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinajikunja chini ya kitako. Mara ya kwanza kitakukera, halafu utasahau.

Fanya hivi. Toa risasi zote, ziweke mezani, zihesabu, angalia tena. Paka mdomo wa mfuko ile chaki ya buluu ambayo mumeo hupigia mistari kwenye mbao. Tia bastola tupu, yenye mpini wa mjozi, mfukoni uivute. Palipoguswa na chaki kwenye mpini ndipo pa kupunguza. Mpelekee mumeo bastola, aproni na mkono wako. Usimwambie mpini ni mzuri, hilo analijua. Mwambie unakwama.

Na pipi zitoke. Mfuko wa bastola ni wa bastola peke yake, ndani ya ala yake ya ngozi iliyofunika kifyatulio. Hilo silijadili.

Shangazi Verna

*

Shangazi,

Jina langu ni Nedra Tackett, chapisha tu.

Niliziweka risasi tano kando ya bakuli la sukari, nikasema, “Orval, unakwama.” Akanitazama. “Wiki,” akasema, akalitafuta neno la pili, “tisa.” Akatoa mfukoni skrubu mbili mpya. “Zile umeziharibu, mke wangu.” Kisha yeye mwenyewe akaivaa aproni yangu yenye maua, akapaka chaki, akaanza kuvuta. Nilicheka mpaka nikashika meza. Siku tatu za msasa.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza kuchomoa, na risasi zote tano zilipita kwenye sahani ya karatasi iliyowekwa kuwa shabaha. Paja la nguruwe la zawadi liko jikoni, na sahani Orval ameigongomea ukutani juu ya televisheni. Hoyt, mkuu wa zimamoto, akaniuliza, “Nedra, mpini huu umeununua wapi?” Kabla sijajibu, Orval akauinua ule mkono mzito. Uwanja mzima ukamngoja.

“Haununuliwi,” akasema. “Lete suruali yako. Na mkono.”

Leo kuna suruali nne na makoti matatu karakanani. Asubuhi hii nikiwa nalisha kuku nilimsikia akimgombeza Hoyt kwa kuchanganya funguo na bastola mfuko mmoja. Maneno yalikuja polepole, lakini yalikuwa mengi. Niliigeuza ndoo nikaikalia, nikasikiliza mpaka akamaliza.