Kapiteni Ameshusha Viatu

Jumatatu, 5 Januari

Mazoezi Kajaga, mchangani kando ya ziwa, nje ya Bujumbura. Mafuta hakuna mjini, basi la timu halikuja, kila mtu akajitafutia baiskeli ya kumbeba. Nimefika nimechoka kabla sijakimbia hata hatua. Kocha Fabiani akatuzungusha mpaka jua likawa kali. Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, walitucheka, na walikuwa na haki.

Goti la kulia limeanza tena.

Nina miaka thelathini na sita. Kumi na miwili kwenye timu hii, saba nikiwa kapiteni. Namba kumi. Mpira wowote unaokwenda mbele unapita kwangu kwanza, kama zamani, ila siku hizi unanikuta nimesimama. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: naogopa. Nataka kitu kimoja tu. Nimalize msimu huu na ule ujao, niage kwenye uwanja wetu, binti yangu Asha akiwa jukwaani na akili ya kukumbuka. Basi.

Jioni nilipita stoo ya uwanjani, nikashusha viatu vyangu vya zamani msumarini, nikavipeleka kwa fundi wa Nyakabiga avishone soli. Vile vipya vinanibana. Mvua ilikuwa inakuja, nikakimbia bila kuaga mtu.

Jumatano, 7 Januari

Zaituni mke wangu alikuwa anachambua mchele, redio iko wazi. Kipindi cha michezo. Mtangazaji akasema kapiteni wetu ataondoka katika dirisha hili dogo la usajili, habari za uhakika kutoka ndani ya timu.

Zaituni akaniangalia. Mimi ndiye kapiteni na sina habari.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 9 Januari

Baada ya sala watu walinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Mzee mmoja akaniombea safari njema. Safari ipi? Nikaitikia amina, ningefanya nini.

Makundi ya WhatsApp yamechafuka. Asubuhi nilikuwa nimeuzwa mjini Ngozi. Saa sita mchana Kigoma. Alasiri Bukavu, tena wameshanitafutia nyumba. Nimesafiri kuliko dereva wa lori na sijatoka Mutakura, mtaani kwangu.

Kwenye timu hakuna aliyeniuliza neno. Hilo ndilo linalonikera. Wananizunguka kwa adabu, kama nyumba yenye msiba.

Jumapili, 11 Januari

Mechi ya nyumbani. Tumeshinda moja bila, pasi ya bao nimetoa mimi. Dakika ya sabini kocha akanitoa. Sijakasirika, goti lilikuwa moto.

Halafu jukwaa zima likasimama. Makofi. Wazee wamevua kofia. Mama anayeuza karanga langoni alikuwa analia. Miaka kumi na miwili natolewa uwanjani na hawajawahi kusimama, siku nyingine walinitukana mpaka kwa ukoo. Nikapunga mkono kama mjinga. Nilipoketi benchi ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wananiaga.

Nimeingia nyumbani sitaki kula. Nina hasira na sijui nimpe nani.

Jumanne, 13 Januari

Namshuku kocha. Leo hakunitazama usoni hata mara moja. Mipira ya adhabu kawapigisha wengine. Nikasimama pembeni na mikono kiunoni, nikisubiri aniite. Hakuniita.

Namshuku pia Bwana Nassoro, rais wa timu. Ana duka la rangi na mabati, familia yao iko mjini hapa tangu enzi za babu zake. Kila Jumanne hunipigia simu kuuliza hali ya wachezaji. Leo simu imekaa kimya. Nimeiangalia mara ngapi, aibu kuandika.

Sitamuuliza. Kapiteni haombi nafasi yake mlangoni kwa mtu.

Alhamisi, 15 Januari

Sasa wametaja timu moja na wameacha kuhangaika. Rumonge. Tena sio kuuzwa, ni kubadilishana: mimi niende, kiungo wao wa miaka ishirini na miwili aje. Nimemwona huyo kijana akicheza. Ni mzuri. Nimechukia kuandika hivyo lakini ni mzuri.

Zaituni anataka niende kwa Bwana Nassoro nimuulize. Nikamwambia hilo halifanyiki. Akaweka sufuria chini.

"Baba Asha, we uko na mudomo. Unautumia kupigia wachezaji kelele kwa terrain, hapa unaufunga. Enda umuulize."

Nikamwambia haelewi mambo ya mpira. Akasema mambo ya mpira anayaelewa, ambaye yeye hamwelewi ni mimi. Tumenuniana. Asha akatuangalia, akachukua daftari lake, akaenda kusomea kwa jirani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Nilimkuta Mzee Bosco, mtunza vifaa wetu, stoo anahesabu koni. Alikuwa anazunguka jambo. Mara mvua, mara bei ya sukari. Mwisho akasema, bila kuniangalia:

"Kapiteni, mi sitaki kukuuliza. Lakini we ulishusha viatu."

Nikakaa juu ya gunia la mipira.

Lazima niandike vizuri, nijione nilivyo mpumbavu. Stoo yetu ina misumari ukutani, kila mchezaji na wake. Unapoingia kwenye timu unatundika viatu vyako vya zamani, vinakaa pale, likizo au ugonjwa, haviondoki. Anayeondoka kwenye timu anakuja kimya kimya anavishusha. Hakuna hotuba, hakuna barua kwanza. Msumari ukiwa mtupu, wote tumeshaelewa. Na mtu akishusha viatu haulizwi.

Nani aliweka hiyo ya kutoulizwa? Mimi. Beki wetu mmoja aliposhusha vyake miaka minne iliyopita, vijana walimzonga kwa maswali, nikawafokea mbele ya wote. Nikasema mtu mzima akishusha viatu amefanya uamuzi wake, muacheni na heshima yake. Wakanitii. Wananitii mpaka leo.

Na mimi Jumatatu ile nilikuwa nafikiria soli tu. Soli na mvua. Sikufikiri kabisa kwamba sheria inanihusu mimi pia. Bosco alikuwa nyuma ya rafu akaniona nikitoka mbio na viatu kwapani, nimeinamisha kichwa. Kwake hiyo ilikuwa kwaheri ya mtu mwenye uchungu. Akamwambia kocha. Kocha akamwambia rais. Redio ikapata ya kwake.

Jumatatu, 19 Januari

Nimevichukua kwa fundi. Kazi nzuri, kashona kwa uzi wa wavu wa samaki. Nikaenda mazoezini mapema, nikavitundika stoo pale pale, nikasubiri.

Wachezaji wakaingia mmoja mmoja. Wakaviona. Wakaniona. Wakafunga kamba zao.

Hakuna aliyewahi kurudisha viatu, kwa hiyo hakuna anayejua maana yake ni nini. Hata mimi sijui. Ningeweza kusema kwa sauti: jamani, nilipeleka kwa fundi. Maneno manne. Nilifungua mdomo nikatoa kikohozi.

Kiburi. Zaituni kaniambia neno hilo na nimelikubali, ila kwenye karatasi tu.

Jumatano, 21 Januari

Redio leo: kapiteni amerudisha viatu kwa sababu anataka mshahara mkubwa zaidi, anawatisha viongozi. Mpigaji simu kutoka Kamenge akasema nina tamaa. Mwingine akasema nilikuwa mzuri zamani. Zamani! Nimetoa pasi ya bao siku kumi zilizopita.

Nimezima redio. Zaituni akaiwasha. Nikaizima tena. Tulirudia hivyo mpaka tukacheka wote wawili, mara ya kwanza wiki hii. Halafu akasema kicheko hakibadilishi kitu, zimebaki siku kumi dirisha lifungwe.

Ijumaa, 23 Januari

Mechi ya kujipima nguvu. Kocha akachukua kitambaa cha ukapiteni akamfunga beki wa kati. Beki akanitazama kama aliyevishwa nguo ya mtu. Nikamfungia mwenyewe vizuri, kilikuwa kinamlegea.

Nimecheza vibaya. Vibaya sana. Mpira ulinipita chini ya mguu na sikuwa na wa kumsingizia.

Jumatano, 28 Januari

Katibu wa timu amenipigia. Sauti laini. Anasema barua yangu ya kuachiwa iko tayari na imesainiwa, nipitie wakati wowote. Nikauliza barua gani. Akasema, "Ile yako, kapiteni."

Sikwenda. Nilitembea kutoka Mutakura mpaka ziwani, nikarudi. Goti limevimba.

Dirisha linafungwa Jumamosi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimekwenda.

Baada ya sala nilimfuata Bwana Nassoro dukani. Akanikaribisha nyuma ya kaunta, kati ya makopo ya rangi, akaagiza kahawa. Akaniuliza hali ya Zaituni, ya Asha, ya mama yangu. Kikombe cha kwanza, cha pili. Kikombe cha tatu nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: soli, mvua, fundi wa Nyakabiga. Nikasema sijawahi kutaka kuondoka. Nikasema ilikuwa bahati mbaya, barua ichanwe, tuendelee.

Nilidhani atacheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye.

Hakucheka. Akafuta miwani kwa kanzu yake, muda mrefu. Nikamuuliza mbona hukuniuliza, siku zote hizi, wewe na mimi tunavyojuana.

Akasema: "Kapiteni, nitakuambia kweli, unisamehe. Waliponiambia viatu vimeshuka, nilisema alhamdulillahi. Kocha alikuwa ananiomba tangu Novemba. Mi ningekuambia na mudomo gani? We ni mutoto wangu."

Nikauliza kocha alikuwa anaomba nini, ingawa nilishajua.

"Kijana wa Rumonge. Na we ukae benchi, ama uende."

Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Waliona msumari mtupu wakashukuru. Timu nzima, miezi miwili, inatafuta mtu wa kuniambia nimezeeka. Mimi mwenyewe nikawarahisishia kazi, na sheria yangu ikawalinda wasiniulize.

Akasema barua akiichana leo ni sawa, ataichana mbele yangu, neno lake ni neno. Nibaki. Lakini kitambaa hapana, na dakika atapanga kocha.

Nikamwambia nitampa jibu kesho. Nje nilisimama kwenye baraza ya duka la jirani nikalia kidogo. Mchana kweupe, watu wanapita. Mmoja akanisalimia: "Kapiteni, salama?" Nikasema salama.

Jumamosi, 31 Januari

Nimemuuliza Zaituni niende au nibaki. Sio kumwambia, kumuuliza. Akafikiri sana, akakoroga uji mpaka ukashika chini. Akasema yeye na Asha watabaki mpaka shule ifungwe, halafu tutaona. Akasema hataki kuniona nimekaa benchi na ule uso.

"Uso upi?"

"Ule wa tangu mwezi wa kumi na moja, Baba Asha."

Naye alijua nimezeeka.

Nimesaini kwenda Rumonge saa tisa alasiri. Bwana Nassoro akanishika bega, hakuniangalia. Kocha Fabiani hakuwepo. Kabla ya kwenda nyumbani nilipita mazoezini. Wote walikuwepo. Nikawaambia kwa sauti, mbele ya Bosco, kwamba ile sheria ya kutouliza nimeifuta, mtu akishusha viatu muulizeni kuna nini. Wakaitikia kwa vichwa. Sijui kama wataweza.

Nikaingia stoo, nikavishusha vyangu. Safari hii polepole.

Jumanne, 10 Februari

Rumonge. Wiki ya pili inaanza. Chumba changu kina dirisha upande wa michikichi na harufu ya mawese inaingia asubuhi. Nalala vizuri, sijui kwa nini. Zaituni alipiga, Asha amepata alama nzuri za Kifaransa, hesabu tusizungumzie.

Wachezaji hapa ni wadogo sana. Wananiita mzee, sio kwa dharau. Redio ya Bujumbura haishiki vizuri.

Leo baada ya mazoezi kocha alituita mmoja mmoja. Ni mdogo kuliko mimi, ana daftari la shule lenye jalada limekunjika. Akaangalia goti langu wazi wazi, hakujificha.

"Mzee, hili goti linaweza dakika ngapi? Nieleze kweli, nipange."

Nilikuwa naanza kusema tisini. Neno lilishafika mdomoni.

Nikasema sitini.

Akaandika sitini, akamwita anayefuata.