Nyama ya Noeli

Jumatatu, 3 Desemba 1951

Mpunga tangu asubuhi. Shamba la Zaituni leo, langu kesho. Mgongo unauma. Monitere wa Leta, msimamizi wa kilimo wa serikali, alipita akasema tunachelewa. Yule hata jembe hajawahi kushika.

Zaituni ni Mwislamu, mimi ni wa misioni, mashamba yetu hapa Mikelenge yanapakana. Miaka saba sasa. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mikononi mwake, mvua inapiga, hakuna mwingine wa kuita. Sijawahi kumwambia habari za ubatizo, wala yeye hajaniambia nifunge Ramadhani. Tunalima, tunakula, tunasengenya kidogo.

Jumapili, 9 Desemba

Hasira. Bwana wa misioni alisema kanisani kila Mkristo achague rafiki mmoja wa nje ya kanisa, amzoee, amsaidie, kisha amlete Noeli. Misioni itapika mbuzi na majirani wote wale nasi. Baada ya ibada Shemasi Yakobo akanishika mkono. "Mama Debora, kazi yako nyepesi. Weye uko naye tayari."

Niko naye tayari. Kama kuku wa kungojea sikukuu. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Nimekasirika kwamba nilinyamaza.

Jumatano, 12 Desemba

Yakobo tena, mpaka nyumbani. Anauliza Zaituni amefika wapi. Nikamjibu amefika mwisho wa shamba, karibu na kijito. Hakucheka. Mume wangu Petro, aliyekuwa ametoka kazini kwenye reli, ananiambia nisigombane na wakubwa wa kanisa. Petro hagombani hata na mbu.

Lakini kula pamoja si kubaya. Ningependa Zaituni akae na wenzangu, wamwone ni mtu, waache kumwita "yule Mungwana", jina wanalowapa Waislamu wa hapa. Nikampa Yakobo sharti moja: mbuzi achinjwe na Mzee Saidi, Mwislamu anayeuza chumvi sokoni. Kila mtu hapa anajua. Kwenye matanga, kwenye harusi, hata nyumba ikiwa ya Wakristo watupu, akialikwa Mwislamu mmoja tu, kisu anapewa Mwislamu. La sivyo kwao ile nyama ni kibudu. Yakobo akasema sawa, atakwenda kumwita mzee mwenyewe.

Jumanne, 25 Desemba. Noeli

Watu wengi. Wali, mbuzi, mikeka uwanja mzima. Zaituni alikuja na wanawake wanne wa mtaa wake, wamejitanda kanga zao nzuri. Walikaa, hawakugusa chakula. Walinitazama mimi. Nikamwendea Yakobo. Akasema Mzee Saidi amechinja alfajiri, amekwenda zake. Basi nikarudi nikawaambia: ni Mzee Saidi njo alichinja.

Zaituni akasema bismillahi, akala. Na wenzake wakala. Mchuzi aliomba mara ya pili. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 27 Desemba

Nilimkuta Mzee Saidi sokoni, mbele ya chumvi yake. Nikamshukuru kwa kazi ya Noeli. Akaniuliza kazi gani. Hakuna mtu aliyemwita. Siku hiyo alishinda nyumbani na homa. Mzee alinitazama, akaelewa kabla yangu, akaanza kupanga chumvi ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Yakobo. Alikuwa anatia mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli. Hakukana hata. "Nilichinja miye mwenyewe, kwa jina la Yesu. Walikula. Nani alikufa?" Akacheka. Jino lake lile la mbele ningeling'oa kwa mkono.

Zamani Wangwana walikuwa wanatuita sisi washenzi. Leo nakubali, sina la kubisha. Angewaambia Yakobo mwenyewe, wasingekula, na alijua. Njo maana alingoja waniulize mimi. Miaka yangu saba na Zaituni ameitumia siku moja, kama ndoano.

Jumapili, 30 Desemba

Bwana wa misioni naye alijua. Mimbarani alimshukuru Mungu kwamba ukuta umeanguka, Waislamu wamekula nyama iliyochinjwa na Mkristo, sasa mlango uko wazi. Watu wakaitika amina.

Nikasimama. Kwetu mwanamke hasimami kanisani kusema. Nilisimama. Nikasema walikula kwa sababu walidanganywa, na mdomo uliowadanganya ni huu wangu, na aliyeutia uongo ni shemasi yule pale. Petro alinivuta nguo. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu nyuma walikuwa hawasikii.

Wazee wa kanisa walikaa kikao baada ya ibada. Nimetolewa kwenye Meza ya Bwana mpaka nitubu. Yakobo ataendelea kugawa mkate. Nitatubu, ndiyo, lakini si mbele yao. Wao hawakula kitu kwa neno langu.

Jumatatu, 31 Desemba

Petro anasema nisimwambie Zaituni. Asiyejua hana dhambi, hata kwao ni hivyo. Labda. Lakini kanisa zima limesikia, na mtaa huu hauna siri. Na hata asingesikia kamwe, ningekaa naye vipi?

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Sikujitetea. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka ungo chini akasema: "Zambi haiko yangu, sikujua. Lakini yaya, dada yangu, sikuuliza Yakobo. Niliuliza weye." Akaingia ndani.

Wale wanawake wanne, yeye njo atawaambia, kwa sababu yeye njo aliwaleta. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikapiga chungu ukutani. Petro alifagia vipande.

Alhamisi, 3 Januari 1952

Shambani peke yangu. Mpunga wa Zaituni umeiva, ndege wanaula. Nimewafukuza wa kwake na wa kwangu mpaka sauti imekwisha.

Namchukia Yakobo. Nimeomba nisimchukie, haijasaidia. Leo alipita na baiskeli akanisalimu vizuri kabisa, kama muntu mwenye amani. Sikuitika.

Jumamosi, 5 Januari

Madamu wa misioni, mke wa Bwana, ametuma mtu: nikiomba msamaha kwa shemasi, yatakwisha. Nimemwambia yule mtu arudi na salamu tu. Zaituni bado hajaja shambani.

Jumatano, 9 Januari

Zaituni alikuja. Alikuwa na kisu chake cha kuvunia. Tulikata upande wake, kisha wangu, mpaka jua likawa kali.

Mchana nilifungua chakula. Wali na samaki wa mtoni. Samaki hachinjwi, na miaka yote hii Zaituni amekula samaki wangu bila neno. Leo aliitazama sahani kwanza. Akauliza nilimnunua kwa nani. Akauliza na mafuta, yametoka wapi, na sufuria ni ile ninayopikia nyama au nyingine.

Nilimjibu kila kitu, polepole. Akanawa mikono, akala kidogo.